Kwa nini Mhindi aliyepinga ubaguzi wa Waingereza alimsimamishia Malkia wao sanamu Nairobi?

Ukishuka Moi Avenue mchana, ukawapita wauza karanga na wang'arisha viatu, utafika bustani ambayo Wanairobi huiita Jivanji tu. Saa saba hapo ndipo mambo yenyewe. Huku mhubiri anapaza sauti, kule mtu kajilaza kwenye nyasi, gazeti usoni, na chini ya mti kuna duara la watu wanaojiita Bunge la Mwananchi, wanabishana kuhusu bei ya unga na siasa za wiki hiyo bila kumsubiri Spika yeyote. Uliza jina la bustani limetoka wapi, utaambiwa ni la Mhindi mmoja tajiri wa zamani.

Ni kweli. Jina lake Alibhai Mulla Jeevanjee, na bustani aliitoa yeye mwenyewe mwaka 1906 iwe ya watu wote. Ila ndani yake alisimamisha sanamu ya Malkia Victoria wa Uingereza, naye ndiye mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kugombana na serikali ya Waingereza kuhusu ubaguzi. Mtu anaposikia hayo mawili pamoja huuliza, huyu alikuwa kibaraka au mpiganaji?

Tuanze na mtu mwenyewe. Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, katika jamii ya Mabohora, Waislamu wa Kishia. Kabla ya kuiona Afrika alishahangaika kwingi, hadi Adelaide, Australia, alikofanya biashara. Mombasa alifika mwaka 1890, akiwa na miaka 34, akaanza kufanya kazi na ile kampuni ya Waingereza iliyoshika eneo hili kabla ya serikali yao kulichukua yenyewe. Bahati yake ilikuja na Reli ya Uganda. Ujenzi ulipoanza mwaka 1896 Waingereza walitaka vibarua wengi na kwa haraka, na kandarasi ya kuwaleta wale wa kwanza kutoka Punjab aliipata yeye. Hadi reli inamalizika, Wahindi karibu 32,000 walikuwa wameletwa kwa mikataba. Si wote waliopitia mikononi mwake. Karibu 2,500 walifia kazini, wengi wao kwa maradhi, ingawa hadithi ya simba wa Tsavo ndiyo inayosimuliwa zaidi. Waliobaki baada ya mikataba kwisha hawakufika 7,000. Basi ukisikia kwamba kila Mhindi mwenye duka Afrika Mashariki ni mjukuu wa kuli wa reli, jua si hivyo. Wengi walikuja baadaye kwa nauli zao, kufuata biashara.

Reli ilipofika kwenye kinamasi cha Nairobi mwaka 1899, Jeevanjee alifika nayo. Akajenga majengo ya serikali, akanunua viwanja, akawa na majumba hata maofisa wa kikoloni wakawa wapangaji wake. Mwaka 1901 alianzisha gazeti Mombasa, African Standard, akaajiri mhariri Mzungu. Miaka minne baadaye aliliuza kwa Wazungu wawili, nao wakalibadilisha jina likawa East African Standard. Ndilo hilo hilo The Standard linalouzwa leo vibandani Kenya. Kichekesho ni kwamba lilipoingia mikononi mwa wenyewe wapya likawa mdomo wa masetla, yaani walowezi wa Kizungu, na waliosemwa vibaya humo ni Wahindi. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, daktari wa serikali aliamuru mtaa wa maduka ya Wahindi uteketezwe kwa moto. Miaka miwili baadaye soko jipya la mji lilijengwa, na aliyelijenga ni Jeevanjee.

Hapo sasa ndipo siasa inapoanza. Masetla wa Kizungu walikuwa wakiingia kwa wingi, wakiongozwa na Lord Delamere, na walitaka ardhi ya nyanda za juu iwe yao peke yao. London ikawasikiliza. Mwaka 1906 waziri wa makoloni, Lord Elgin, alikubali Wahindi wasipewe ardhi huko, na mwaka 1908 akathibitisha tena. Mtu aliyeleta vibarua wa reli ile ile iliyowafikisha masetla huko juu hakuruhusiwa kulima hata ekari moja huko.

Sasa angalia mwaka wa sanamu: ni huo huo 1906. Na aliyekuja kuizindua ni Duke wa Connaught, mtoto wa kumzaa wa Victoria. Malkia mwenyewe alikuwa amekufa miaka mitano nyuma. Kwa nini basi kumkumbuka?

Jibu, kwa maoni yangu, liko mwaka 1858. Mwaka huo, baada ya maasi makubwa ya India, Victoria alitoa tangazo la kuwaahidi raia wake wa India kwamba rangi na dini zao hazitawazuia kupata haki na nafasi chini ya utawala wake. Wanasiasa wa Kihindi wa enzi zile, kuanzia Bombay hadi Natal ya Afrika Kusini, waliishika ahadi hiyo kama mtu aliyeshika hati ya deni. Kila walipobaguliwa waliitoa na kuionyesha. Kwa jicho hilo, kumsimamisha Malkia katikati ya mji wa masetla, mbele ya mwanawe, ni sawa na kumweka shahidi hadharani: huyu hapa, ndiye aliyetuambia sisi na nyinyi ni raia wake sawa. Usisahau pia kwamba alikuwa mfanyabiashara, na mteja wake mkubwa alikuwa serikali. Mkono mmoja ulidai haki, wa pili ulishika kandarasi, wala yeye hakuona aibu kwa lolote kati ya hayo.

Baraza la Kutunga Sheria lilianza vikao mwaka 1907, na miaka michache tu baadaye Jeevanjee aliteuliwa, akawa wa kwanza asiye Mzungu kukaa humo. Hakukaa sana. Alikuwa peke yake, na sauti moja katika baraza kama lile ni sawa na kupigia mbuzi gitaa. Mwaka 1910 akapanda meli hadi London, akazungumza na waandishi wa habari. Humo alisema jambo ambalo mashabiki wake wa leo hupenda kuliruka: kwamba Afrika Mashariki iunganishwe na himaya ya India, Wahindi wafunguliwe milango, na baada ya miaka michache itakuwa India ya pili. Masetla walipata silaha ya bure. Na Mkikuyu, Mmasai au Mkamba aliyekuwa akipokonywa ardhi yenyewe, hakuulizwa na upande wowote.

Mapambano yaliendelea. Mwaka 1914 Wahindi waliunda chama chao cha Congress huko Mombasa. Mwaka 1919 Wazungu walipewa haki ya kuchagua wajumbe 11 wa baraza. Hesabu ya watu ya mwaka 1921 ikaonyesha Wazungu 9,651 na Wahindi 22,822. Ukizipanga tarakimu hizo pamoja utaelewa kwa nini Wahindi walidai daftari moja la wapiga kura, na kwa nini masetla walifikia kupanga kumteka gavana kuliko kulikubali.

Mwaka 1923 pande zote zilikwenda London, Jeevanjee akiwa katika ujumbe wa Wahindi. Waraka wa Devonshire, tamko la serikali ya Uingereza lililotoka humo, uliamua kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza Kenya. Tamko zuri, lakini masetla walibaki na nyanda zao na viti vyao 11, Wahindi wakapewa viti vitano kwa daftari lao la pembeni, na Waafrika waliotajwa kuwa wa kwanza wakapewa mmisionari wa kuwasemea. Mwafrika mwenyewe, Eliud Mathu, aliingia barazani mwaka 1944.

Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na Wahindi waliokwenda mbali kuliko Jeevanjee. Manilal Desai alimpa Harry Thuku, mwanasiasa wa Kikuyu aliyeupinga ukoloni, nafasi ofisini mwake na kumruhusu kutumia mtambo wake wa kuchapia. Hiyo ni siasa ya namna nyingine kabisa, na mimi naiona ndiyo iliyokuwa na macho ya mbali. Jeevanjee alikuwa mtu wa kizazi cha Victoria. Alitaka apewe kiti mezani, si meza ipinduliwe.

Utajiri ulimponyoka uzeeni, na alipofariki Nairobi mwaka 1936 akiwa na miaka 80 hakuwa tena yule mwenye nusu ya mji. Bustani ilibaki. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari ya ghorofa. Aliyesimama kuuzuia ni mjukuu wake, Zarina Patel, pamoja na Wanairobi waliomuunga mkono, wakati ambapo kumpinga mkubwa Kenya kulikuwa ni kujitafutia balaa. Mpango ukafa.

Malkia naye alisimama pale miaka zaidi ya 100, ndege wakimtulia kichwani, hadi mwaka 2015 watu wasiojulikana walipomwangusha. Wahubiri hawakuhama, wala Bunge la Mwananchi.