Usianze na Ndege, Anza na Kijiji: Viwanja vya Ndege vya Vita katika Mashamba ya Uingereza

Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu yako, nenda mashariki ya Uingereza, kwenye kaunti za Norfolk na Suffolk, kisha ikuze picha taratibu juu ya mashamba ya ngano. Haitachukua muda utakutana na mistari mitatu iliyokatana ikafanana na herufi A, na njia nyembamba inayoizunguka yote mitatu. Kwingine mistari hiyo imeliwa na majembe ikabaki vipande. Kwingine imejengewa maghala au mabanda marefu ya kufugia bata mzinga. Hayo ni mabaki ya viwanja vya ndege vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia.

Wengi wanaouliza habari za viwanja hivi huanza na ndege: ilikuwa ya aina gani, ilibeba mabomu mangapi, rubani alikuwa nani. Ni maswali halali. Lakini anayeishia hapo huikosa nusu kubwa ya habari, kwa sababu kila uwanja ulijengwa juu ya shamba la mtu, karibu na shule ya mtu, na kanisa ambalo watu walizikana kwa mamia ya miaka. Ombi langu ni kwamba tuanze na kijiji.

Ndege ya mabomu aina ya Lancaster, ikishajazwa mafuta na silaha, ilifikia uzito wa tani 30 hivi. Viwanja vingi vya kijeshi vya Uingereza kabla ya 1939 vilikuwa vya nyasi, na nyasi za nchi ile zikilowa mvua ya Novemba hazibebi mzigo huo. Ikabidi kumwaga zege, tena kwa haraka. Ujenzi ulipofika kileleni mwaka 1942, uwanja mpya ulifunguliwa kwa wastani wa kila siku tatu. Kaunti ya Lincolnshire peke yake ilikuwa na viwanja zaidi ya 40. Upande wa mashariki ulichaguliwa kwa sababu ardhi yake ni tambarare, watu walikuwa wachache, na ndiko karibu zaidi na Uholanzi na Ujerumani.

Ramani ya uwanja wa ndege nzito ilikuwa karibu ile ile kila mahali. Njia kuu ya kurukia ilikuwa na urefu wa mita 1,830, nyingine mbili mita 1,280 kila moja, na upana ulikuwa mita 46. Zilikuwa tatu kwa ajili ya upepo: ndege iliyojaa mzigo lazima iruke ikiukabili, na upepo hauna upande mmoja. Pembeni palikuwa na maegesho ya zege kama 50 yaliyotawanywa, ili adui akishambulia asizikute ndege zote zimepangwa mstari mmoja. Jumla yake ilimeza ekari 500 au zaidi.

Ekari hizo zilitoka kwa wakulima. Sheria ya dharura ya 1939 iliipa serikali mamlaka ya kuchukua ardhi kwa ajili ya vita. Mwenye shamba alilipwa fidia, lakini hakuulizwa kama anakubali. Ua za miti zilizotenganisha mashamba kwa vizazi ziling'olewa kwa tingatinga, mifereji ikafukiwa, barabara ya kwenda kijiji jirani ikafungwa. Sehemu ya kifusi kilichojaza misingi ilitoka kwenye nyumba za London zilizobomolewa na mabomu ya Wajerumani, ikaletwa kwa treni. Nadhani hiyo ndiyo taswira inayostahili kukaa akilini: matofali ya jikoni za watu wa mjini yakishindiliwa chini ya viazi vya watu wa shamba.

Msomaji aliyewahi kutua Heathrow, uwanja mkubwa wa ndege wa London, ametua juu ya kisa cha namna hii. Palikuwa na kitongoji cha wakulima wa mboga na matunda kikiitwa Heath Row. Mwaka 1944 serikali ilikichukua kwa sheria za vita, ikasema Jeshi la Anga linahitaji uwanja mkubwa. Wakazi wakahamishwa, nyumba zikabomolewa. Vita vikaisha kabla uwanja haujatumika kivita, na mwaka 1946 ukafunguliwa kwa abiria wa kiraia. Harold Balfour, aliyekuwa naibu waziri katika Wizara ya Anga, alikiri miaka mingi baadaye katika kumbukumbu zake kwamba nia tangu mwanzo ilikuwa uwanja wa kiraia, na kwamba hoja ya vita ilitumika kuepuka upinzani. Vijiji vingi vya mashariki vilitoa ardhi yao kwa dharura ya kweli. Watu wa Heath Row walistahili kuambiwa ukweli.

Turudi mashariki. Kule kutawanya mambo kwa hofu ya mabomu hakukuishia kwenye ndege. Mabweni, majiko, hospitali na maofisi yalisambazwa nje ya uwanja, msituni na kando ya barabara, pengine umbali wa kilomita mbili kutoka ndege zilipo. Yalikuwa vibanda vya Nissen, yaani bati la mawimbi lililokunjwa nusu duara juu ya sakafu ya zege, na jiko moja la makaa katikati. Kwa hiyo askari akitoka kulala kwenda kula, na kutoka kula kwenda kazini, alipita kijijini, mara nyingi kwa baiskeli. Uwanja mmoja ulikuwa na watu 2,500 hadi 3,000. Kijiji kilikuwa na mia chache. Mwenye baa aliishiwa bia kabla ya wiki kuisha. Nyumba ambazo hazikuwa na umeme wala bomba la maji zilitazamana na kambi iliyokuwa na vyote viwili. Mkulima alivuna shayiri hadi ukingoni mwa zege huku mafundi wakipakia mabomu hatua chache kutoka kwenye trekta lake.

Vijiji vilijifunza pia kuhesabu. Alfajiri ndege za Wamarekani, waliotumia baadhi ya viwanja hivi, zilipopaa kwa ajili ya mashambulizi ya mchana, watu walizihesabu, na jioni wakahesabu zinazorudi. Tarehe 10 Oktoba 1943, kati ya ndege 13 za kundi la Thorpe Abbotts, Norfolk, zilizokwenda kushambulia Münster, ilirudi moja tu. Kila ndege ilikuwa na watu kama kumi. Waingereza waliruka usiku, na hesabu yao ilikuwa nzito vilevile: kati ya wanaanga wapatao 125,000 wa kamandi yao ya mabomu, walikufa 55,573. Mwanamke aliyekuwa akiwafulia nguo aliletewa kesho yake mashati ya wengine.

Nisimame kidogo katika kijiji cha Bexwell, kando ya mji wa Downham Market, Norfolk, kwa sababu pale Afrika imo. Kikosi cha 218 kilichoruka kutoka uwanja huo kilibeba jina la Gold Coast, Ghana ya leo. Kwenye kikosi cha 623, kilichozaliwa kutokana na hicho mwaka 1943, alikuwamo Johnny Smythe, mzaliwa wa Freetown, Sierra Leone, akiwa nevigeta, mtu wa kupiga hesabu za njia gizani. Novemba 1943 ndege yake ilitunguliwa Ujerumani, akashikwa, akakaa mateka hadi 1945. Baadaye akawa mwanasheria mkuu wa serikali ya nchi yake. Nje ya kanisa la Bexwell pana ukumbusho wa marubani wawili waliopewa nishani ya Msalaba wa Victoria baada ya kufa. Mmoja, Arthur Aaron, mwenye miaka 21, alipigwa risasi usoni na bado akasaidia kuifikisha ndege Algeria. Mwingine, Ian Bazalgette, aliishusha ndege yake ikiwaka moto huku akikiepuka kijiji cha Senantes nchini Ufaransa, akafa yeye na wenzake wawili. Kanisa lenyewe ni dogo na limejengwa kwa mawe. Anayepita kwa gari asipojua atalipita.

Waafrika wa Marekani nao walikuwa wengi, na wengi wamesahaulika kwa sababu hawakuruhusiwa kuruka na vikosi hivyo. Walimwaga zege, kwa mfano katika uwanja wa Eye, Suffolk, na waliendesha malori. Jeshi la Marekani lilikuja Uingereza na ubaguzi wake wa rangi, likitenga kambi na hata siku za kwenda mjini. Usiku wa tarehe 24 Juni 1943, katika kijiji cha Bamber Bridge, Lancashire, polisi wa jeshi wazungu walijaribu kumkamata dereva mweusi ndani ya baa. Madereva hao walikuwa wa kitengo kilichosafirisha mahitaji ya Jeshi la Anga la Nane la Marekani. Wanakijiji waliokuwamo walisimama upande wa askari weusi. Baadaye usiku huo risasi zikapigwa, na askari William Crossland akauawa. Madereva zaidi ya 30 walitiwa hatiani. Wenye baa za kijiji, walipotakiwa wawabague weusi, walikuwa wamebandika matangazo yanayosema baa ni za askari weusi pekee. Simulizi hii inafaa kufundishwa pamoja na ile ya marubani, kwa uzito ule ule.

Kijiji kililipa pia kwa damu yake. Freckleton, Lancashire, ilipakana na Warton, kituo kikubwa ambako Wamarekani walitengeneza na kujaribu ndege. Asubuhi ya tarehe 23 Agosti 1944, ndege aina ya Liberator iliyokuwa kwenye majaribio ilinaswa na dhoruba kali ikirudi kutua. Ilianguka katikati ya kijiji, ikapiga mgahawa na upande wa shule walikosomea watoto wa madarasa ya mwanzo. Mafuta yalishika moto. Walikufa watu 61, na 38 kati yao walikuwa watoto. Wengi walizikwa pamoja katika kaburi moja uani mwa kanisa. Mwaka uliofuata askari wa Warton waliwajengea watoto waliobaki uwanja wa michezo kwa mikono yao, na upo mpaka leo.

Vita vilipokwisha, vibanda vya bati havikukaa vitupu. Kiangazi cha 1946, familia za Kiingereza zilizokosa nyumba ziliingia zenyewe katika kambi zilizoachwa: karibu watu 40,000, kambi zaidi ya 1,000. Serikali za mitaa zikaishia kuwawekea maji na kuwatoza kodi ya pango.

Kisha wakaja Wapoland, na hapa pana njia inayotoka moja kwa moja Afrika Mashariki. Mwaka 1942 maelfu ya wanawake na watoto wa Kipoland, waliokuwa wamefukuzwa makwao na Wasovieti, waliletwa kupitia Iran hadi Tanganyika, Uganda na Kenya. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, iliyofikia watu 5,000 hivi. Makaburi yao bado yanatunzwa pale. Waume na baba zao wengi walikuwa wakipigana chini ya Waingereza. Baada ya sheria ya 1947 ya kuwapatia makazi, familia nyingi zilisafirishwa kwa meli kutoka Mombasa hadi Uingereza, zikapangiwa kambi za zamani za jeshi, na kati ya hizo zilikuwamo za viwanja vya ndege. Mtoto aliyekuwa akilala chini ya Mlima Meru akajikuta chini ya bati la Nissen, katika shamba lenye baridi na ukungu, kwenye kitanda cha mwanaanga aliyekwisha kwenda zake au aliyekufa. Baadhi ya kambi hizo zilikuwa na shule, kanisa na duka la Kipoland hadi mwisho wa miaka ya 1950. Ningependa walimu wa historia wa Arusha wawaonyeshe wanafunzi ncha zote mbili za safari hii.

Kwa wasomaji wanaoishi Uingereza: Thorpe Abbotts ina jumba la makumbusho ndani ya mnara wa kuongozea ndege, uliofufuliwa na watu wa hapo wenyewe. East Kirkby, Lincolnshire, ina ndege ya Lancaster ambayo injini zake bado huwashwa. Madingley, nje ya Cambridge, ni makaburi ya Wamarekani, na ukuta wake una majina zaidi ya 5,000 ya watu ambao miili yao haikupatikana. Ukienda, pita na kanisani kijijini. Mara nyingi mlango uko wazi, na ubao wa majina huwa ukutani.

Sehemu kubwa ya viwanja vya zamani ni mashamba ya watu, kwa hiyo fuata njia za umma zilizowekewa alama, au mwombe mwenye shamba ruhusa. Vibanda vya bati vilivyobaki vimechoka. Usivipande, na usiruhusu watoto waingie. Na ukikuta kipande cha chuma usichokifahamu kwenye udongo uliolimwa, kiache kilipo. Risasi na mabomu ya miaka ile bado huibuka kila majembe yanapopita, na umri haujayaondolea nguvu. Weka alama umbali salama, ondoka kwa njia uliyojia, kisha piga 999.