Kucheza chesi na kompyuta: dhana tunazoambiana na ukweli wake

Dhana: Ukiifunga kompyuta ya ngazi ya tatu, umemfikia mtu wa kiwango hicho.

Ukweli: Bado. Stockfish, programu ya bure iliyojaa kwenye simu zetu, haina udhaifu wa asili. Ngazi za chini ni za kulazimisha. Hupunguziwa muda na kina cha kufikiri, kisha huchanganyiwa hatua mbovu kwa kubahatisha. Utaiona inapanga farasi na maaskofu kama bingwa kwa hatua kumi na mbili, halafu ghafla inamweka malkia mbele ya askari wako, bure. Unamla, unashinda, unatamba. Mtu anayejifunza hakosei hivyo. Yeye humsahau askofu aliyejibanza kona ya mbali, au huanza kushambulia kabla hajamficha mfalme wake. Mimi nilikaa miezi nikingoja zawadi za aina ile kwenye simu. Siku nilipoketi na binamu yangu, ubao katikati yetu, zawadi haikuja.

Ndiyo maana naipenda Maia, programu iliyotoka 2020. Imefundishwa kwa mamilioni ya michezo ya watu kwenye Lichess, tovuti ya bure ya chesi, na kazi yake ni kukisia hatua ambayo mchezaji wa pointi 1100, au 1500, au 1900 angecheza (pointi zikipanda, mchezaji ni mkali zaidi). Usishangae ile ya 1100 ikikuchapa: inachagua hatua ambayo wengi wangeichagua, kwa hiyo vituko vya mtu mmoja mmoja humezwa humo.

Dhana: Cheza na iliyo kali kabisa, utakomaa haraka.

Ukweli: Utafungwa tu, na mara nyingi hutajua ulikosea wapi. Mwaka 2006 huko Bonn, Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia wakati huo, hakuona kwamba programu ya Deep Fritz ingemfunga kwa hatua moja. Wewe na mimi je?

Lakini kuna mahali ukali huo ni dawa: mwisho wa mchezo. Jipangie mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu, kompyuta ijitetee. Ushindi hauhitaji zaidi ya hatua 16, na ukifikisha 50 bila kumfunga, ni sare. Rafiki atakata tamaa akupe mkono mapema. Mashine itahangaika hadi mraba wa mwisho, na hapo ndipo utajua kama kweli unaweza.

Dhana: Kompyuta zote zinafikiri namna moja.

Ukweli: Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997, ilipima nafasi milioni 200 kwa sekunde. AlphaZero, programu ya 2017 iliyojifunza kwa kucheza na yenyewe, ilipima kama 80,000 tu, ikaifunga Stockfish ya wakati huo mara 28 katika michezo 100 bila kupoteza hata mmoja, ingawa masharti ya pambano yalizua ubishi. AlphaZero hutaipata ucheze nayo. Leela, iliyofuata njia yake, inapatikana bure.

Dhana: Kurudisha hatua hakuna ubaya, ni mashine tu.

Ukweli: Kidole kinazoea. Mezani, kete uliyoigusa ndiyo utakayoicheza, na binamu yangu kwa hilo hana msamaha.