Wanyama wanaosema hawakutungiwa watoto

Simba akizungumza na fahali kitabuni, wengi huona hiyo ni hadithi ya kulazia watoto. Sivyo. Panchatantra, mkusanyo wa Wahindi wa hadithi za wanyama uliotungwa kwa Kisanskriti, inajieleza yenyewe kuwa somo la utawala: mfalme anamkabidhi mzee Vishnusharma wanawe watatu, wazito wa kuelewa, awafunze siasa kwa miezi 6.

Karne ya 8 katibu Mwajemi, Ibn al-Muqaffa, aliitia katika Kiarabu kutoka Kipahlavi, yaani Kiajemi cha zamani. Ikaitwa Kalila na Dimna, majina ya mbweha wawili. Dimna anamwonea gere fahali, kipenzi cha mfalme simba. Anapeleka fitina huku na huku hadi simba anamuua rafiki yake mwenyewe. Mtoto ataona wanyama wanapigana; waziri ataiona ofisi yake.

Na yule kima wa kitabu hichohicho, aliyedai ameacha moyo wake mtini? Sisi tunamjua na papa, kama mmisionari Mwingereza Edward Steere alivyokichapisha kisa hicho kwa Kiswahili mwaka 1870. Kwa Wahindi papa huyo ni mamba, kwa Waarabu ni kobe. Punda asiye na moyo wala masikio, wa hadithi anayoisimulia kima, maskini, analiwa kote kote.