Aibu Isiyo Yao: Tunayokosea Kuhusu Manusura wa Ugaidi

Siku bomu linapolipuka, kila mtu yuko upande wa majeruhi. Wanachangiwa damu, wanaombewa, viongozi wanawatembelea wodini. Miezi ikipita, baadhi yao hawataki tena ijulikane kwamba walikuwepo. Wanafunika kovu kwa nguo ya mikono mirefu, wanahama, wanageuza mazungumzo. Wakikuamini kiasi cha kukufungulia moyo, wengine watakutajia hofu, lakini wengi watakutajia aibu. Na sehemu kubwa ya aibu hiyo tunawatwisha sisi, kwa mambo tunayoyaamini bila kuyachunguza.

"Aibu ni ya gaidi, mhanga hawezi kuwa nayo"

Laiti ingekuwa hivyo. Tarehe 22 Julai 2011, nchini Norway, watu 77 waliuawa kwa siku moja, 69 kati yao katika kisiwa cha Utøya kulikokuwa na kambi ya vijana. Watafiti walipozungumza baadaye na vijana walionusurika kisiwani, si wachache waliokiri kwamba wanajisikia hatia au aibu, na hisia hizo zilikwenda sambamba na dalili za kiwewe.

Hatia na aibu si kitu kimoja. Hatia husema, "Nilimwacha rafiki yangu." Aibu husema, "Mimi ndiye mtu wa kumwacha rafiki." Ya kwanza inaweza kuzungumzwa, mtu akaonyeshwa kwamba hakuwa na namna. Ya pili inaigusa nafsi nzima ya mtu, inamfanya atamani kutoonekana. Ndiyo maana hata wahudumu wa afya huipitia bila kuiona: mwenye kiwewe atasema hapati usingizi usiku, atasema moyo unamwenda mbio, lakini hatasema anajionea aibu mpaka aulizwe kwa upole.

"Jasiri angepambana, au angalau angekimbia"

Mwili hauombi ruhusa. Hatari inapokuwa kubwa na njia ya kutokea haionekani, ubongo unaweza kuugandisha mwili: miguu haitii, sauti haitoki, akili inakuwa kama imetoka nje na kutazama kwa mbali. Hata wanyama hugandishwa hivyo wanapokamatwa na mwindaji. Aliyeganda hakuchagua kuganda, lakini miaka kumi baadaye bado anajishtaki kana kwamba alichagua.

Tena kuna maswali yetu. Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi uliposhambuliwa tarehe 7 Agosti 1998, kwanza ulisikika mlipuko mdogo. Watu katika majengo ya jirani wakaenda dirishani kutazama, kisha bomu lenyewe likalipuka na vioo vikawaingia machoni. Wengi walipoteza uwezo wa kuona. Sasa mtu wa namna hiyo umuulize, "Kwani dirishani ulifuata nini?" Alifuata kile ambacho ungefuata wewe. Binadamu akisikia kishindo hugeuka.

"Lazima kuna kitu alifanya"

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote. Nchini Uhispania, kundi la ETA, lililopigania kwa silaha uhuru wa eneo la Basque, liliua zaidi ya watu 800 kabla ya kuacha mashambulizi mwaka 2011 na kujivunja mwaka 2018. Katika miaka mibaya zaidi, hasa katika eneo hilo, mtu akipigwa risasi majirani walinong'onezana: "Algo habrá hecho," yaani, lazima kuna kitu alifanya. Kulikuwa na mazishi ya kimyakimya yaliyohudhuriwa na wachache, na kuna wajane waliofungasha virago kwa sababu walioamkiana nao kila siku walianza kupita upande wa pili wa barabara.

Kwa nini watu wasio wakatili waseme maneno makatili hivyo? Kwa sababu yanamlinda msemaji. Kama yule alifanya kitu, basi mimi nisiyefanya kitu niko salama. Utulivu wa jirani unalipiwa na jina la marehemu.

"Mhanga ni mhanga tu, neno halina uzito"

Lisikilize neno lenyewe. Tunamwita mhanga aliyelipuliwa akiwa kwenye shughuli zake, na anayejifunga bomu tunasema amejitoa mhanga. Sishangai wengine wakipendelea kuitwa manusura, na wengine wakataka waitwe kwa kazi zao au majina yao, basi. Wapo pia wanaolishikilia neno mhanga kwa nguvu, kwa sababu ndilo linalosema kwamba walitendewa. Achague mwenyewe.

Na kuna ambao hata neno hilo hunyimwa: Waislamu waliopoteza ndugu katika shambulio kama wengine, kisha wakatoka kuzika wakakuta wanatazamwa kama washukiwa.

"Aliyetekwa akirudi nyumbani, mateso yamekwisha"

Wanawake na wasichana waliotoroka au kuokolewa kutoka kwa kundi la kigaidi la Boko Haram, kaskazini-mashariki mwa Nigeria, walikuta majina yakiwasubiri: "wake wa Boko Haram", "wanawake wa Sambisa" (msitu uliokuwa ngome ya kundi hilo), hata "annoba", neno la Kihausa lenye maana ya maradhi ya mlipuko. Walitekwa, wakabakwa, kisha wakaogopwa. Ilichukua mpaka Desemba 2016 kwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 2331, kutamka kwamba waliosafirishwa kwa biashara haramu ya binadamu au kufanyiwa ukatili wa kingono na makundi ya kigaidi wanapaswa kuhesabiwa kuwa wahanga wa ugaidi.

Jamii inaweza kuamua vingine. Wayazidi wa Iraki, jamii ndogo yenye dini yake ya kale, ambao kundi la ISIS liliwavamia huko Sinjar Agosti 2014 na kuwafanya wanawake wao watumwa, walimsikia kiongozi wao wa kidini, Baba Sheikh, akitangaza kwamba wanaorudi wapokewe kwa heshima. Wengi walikwenda kwenye hekalu la Lalish kuoshwa kwa maji ya chemchemi takatifu. Kwa jamii ambayo mwanamke aliyeolewa nje ya dini yao alihesabiwa amepotea, hilo lilikuwa jambo zito.

Lakini Aprili 2019 baraza lao la kidini lilifafanua kwamba mapokezi hayo hayawahusu watoto waliozaliwa kwa ubakaji. Kuna akina mama waliorudi mikono mitupu, na kuna waliobaki mbali na ndugu zao ili wabaki na mtoto.