Je, wajua kwa nini "halb zwölf" ya Mjerumani ni saa tano na nusu, si saa sita na nusu?

"Letzter Einlass halb zwölf," baunsa alituambia. Ilikuwa saa nne usiku, tuko watatu mbele ya klabu ya maonyesho ya watu wazima, mtaa wa St. Pauli, Hamburg. Maneno yote manne niliyajua. Letzter ni mwisho, Einlass ni kuingia, halb ni nusu, zwölf ni kumi na mbili. Nikawaambia wenzangu kwamba mwisho wa kuingia ni saa sita na nusu, muda tunao, twendeni tukale kwanza. Tuliporudi ilikuwa saa sita na dakika 10 na mlango umefungwa. Yule baunsa hakutufokea. Alitoa kalamu mfukoni, akachukua kikaratasi cha namba, kile wanachokupa ukiacha koti lako, akakigeuza, akaandika 23:30 na kuizungushia duara. Saa tano na nusu. Tulikuwa tumechelewa dakika 40.

Msemaji wa Kiswahili anabeba mzigo wa ziada hapa, maana saa zetu tunazihesabu tangu jua lichomoze na tangu lizame. Zwölf ya usiku kwetu ni saa sita. Kwa hiyo kichwani unafanya hesabu mbili kwa mpigo: unatafuta ile nusu iko upande gani, kisha unaondoa sita. Kuondoa sita si shida, tumelizoea tangu siku za kujifunza saa kwa Kiingereza shuleni. Shida iko kwenye nusu.

Kosa langu la kwanza lilitoka huko huko kwenye Kiingereza. Mwingereza akitaja nusu pamoja na kumi na mbili, anamaanisha kumi na mbili imeshapita na nusu saa imeongezeka juu yake. Kiswahili nacho kinaongeza: saa sita, halafu "na nusu". Lugha mbili nilizozijua zilikubaliana, nami nikaamini dunia nzima inasema hivyo. Sivyo. Mjerumani, Mholanzi, Mdenmark, Mswidi, Mrusi na Mhungaria wote wakisema nusu hutaja saa inayokuja, si iliyopita. Saa sita na nusu niliyoidhania mimi, Mjerumani angeiita "halb eins", nusu moja.

Kosa la pili ndilo ninalotaka kulisemea zaidi, kwa sababu linatoa jibu sahihi na kwa hiyo halimstui mtu. Baada ya usiku ule nilijitungia kanuni: Mjerumani anapunguza. Halb zwölf ni kumi na mbili kasoro nusu, basi. Kanuni hiyo niliishi nayo karibu mwaka mzima, nikakutana na watu kwa wakati, nikapanda mabasi, nikawaeleza na wageni wengine kutoka nyumbani wakanishukuru. Kwetu ilikuwa rahisi kuielewa kwa sababu na sisi tuna "kasorobo". Saa sita kasorobo inataja saa sita ambayo haijafika, kisha inaipunguza robo. Nikaona Mjerumani anafanya na nusu kile tunachofanya sisi na robo.

Ukitaka kuiona kanuni hiyo ikivunjika, panda treni uende Leipzig au Dresden, mashariki mwa nchi, kisha muulize mwenyeji klabu inafunguliwa saa ngapi. Huenda akakujibu "viertel zwölf", robo kumi na mbili. Ukipunguza, unapata kumi na mbili kasorobo, yaani 23:45. Yeye amekusudia 23:15. Na hiyo 23:45 yenyewe anaiita "dreiviertel zwölf", robo tatu kumi na mbili, ambayo kwa kupunguza ingekupeleka 23:15. Kanuni inakupotosha pande zote mbili, na inapatia kwenye nusu tu. Inapatia kwa sababu nusu iko katikati: ukitoka mbele ukirudi nyuma, au ukitoka nyuma ukienda mbele, unafika mahali pamoja. Nilikuwa nikisafiri kinyume na wenyeji na kukutana nao njiani, nikadhani tunatembea pamoja.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Tanga, baharia mstaafu, aliyefika Hamburg kwa meli akiwa kijana na akabaki. Si jambo geni: bandari hii ina uhusiano wa siku nyingi na pwani yetu, na Deutsche Ost-Afrika-Linie, kampuni iliyokuwa ikipeleka meli Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, ilianzishwa hapa mwaka 1890. Nilimkuta jikoni anapima mchele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema ulifungiwa mlango St. Pauli."

Nikamweleza, na kanuni yangu ya kupunguza nikaitaja. Akatikisa kichwa. "Mjerumani hapunguzi kitu. Anajaza."

Akaweka kopo tupu mezani. Akasema tulichukulie ndiyo pishi, na kikombe chake cha chai ndicho kibaba. Vibaba vinne, pishi moja. "Nimeshajaza makopo 11, yako pale ukutani. Hili ni la ngapi?" Nikasema la kumi na mbili. Akamimina kikombe kimoja cha mchele. "Robo ya la kumi na mbili. Viertel zwölf." Akamimina cha pili. "Halb zwölf." Cha tatu. "Dreiviertel zwölf." Cha nne kilipoingia, mchele ukafika ukingoni, akausawazisha kwa kiganja. "Zwölf. Sasa limejaa. Ukinitajia zwölf ndipo kopo limejaa, kabla ya hapo nakwambia limefika wapi."

Ndio mfumo wote. Jina la saa ni jina la kopo linalojazwa, na halb inasema limejaa kiasi gani. Tangu 23:00 hadi 24:00 kopo la kumi na mbili liko mezani. Ikifika 23:30 liko nusu.

Kiswahili chetu kinaweza kulisema jambo hili kwa herufi mbili tu: "ya". Saa kumi na mbili ni alama kwenye uso wa saa. Saa ya kumi na mbili ni kipande cha muda, kinachoanza pale ya kumi na moja inapokwisha. Mjerumani anaposema halb zwölf yuko kwenye "nusu ya saa ya kumi na mbili", ila hiyo "ya" haitamki. Mtoto mwenye miaka miwili na nusu yuko katikati ya mwaka wake wa tatu; hakuna anayebisha, ingawa namba moja inasema mbili na nyingine inasema tatu. Tena tunafanya hivyo kila siku kwenye historia. Nikikwambia jambo lilitokea katikati ya karne ya 20, unafikiria mwaka 1950 au hapo karibu. Huendi 2050. Hujaongeza nusu juu ya 20 wala hujapunguza kitu. Umeingia ndani ya karne ya ishirini na kusimama katikati yake. Mwenye kuielewa sentensi hiyo ameshaielewa halb zwölf.

Ukishashika hili, hata yale maneno yanayowatisha wanafunzi wa Kijerumani yanalegea. "Fünf vor halb zwölf" ni dakika tano kabla kopo la kumi na mbili halijafika nusu: 23:25. "Fünf nach halb zwölf" ni dakika tano baada ya kupita nusu: 23:35. Kwa Mjerumani nusu ni alama yenye heshima yake, kama saa kamili. Unaweza kuikaribia na unaweza kuipita.

Robo ndiyo inayogawa nchi. Hamburg, Köln na sehemu kubwa ya kaskazini na magharibi husema "viertel nach elf" kwa 23:15 na "viertel vor zwölf" kwa 23:45, jambo ambalo halimsumbui Mswahili hata kidogo. Saxony, Thuringia na sehemu kubwa ya mashariki, pamoja na Swabia na Franconia kusini, hujaza kopo kwa robo vilevile kama kwa nusu. Lakini mpaka wenyewe haukuchorwa kwa rula. Watu wanahama, wanaoana, na Berlin utasikia namna zote mbili kwenye foleni moja. Wajerumani wa Hamburg wenyewe wakiambiwa viertel zwölf huuliza mara ya pili.

Wapo wanaoeleza kwamba haya yote yalitokana na kengele za minara: saa za zamani ziligonga, watu wakawa wanangoja mlio unaofuata. Inavutia, lakini haitoshi, kwa sababu namna hii ya kuhesabu ni kongwe kuliko saa za minara. Warumi walikuwa na sarafu iliyoitwa sestertius, na jina hilo linatokana na maneno yenye maana ya "ya tatu ni nusu": mwanzoni ilikuwa na thamani ya as mbili na nusu (as ni sarafu yao nyingine, ndogo zaidi), mbili kamili na ya tatu nusu. Kijerumani chenyewe kina neno "anderthalb", moja na nusu, na linatumika mpaka leo. "Ander" zamani ilimaanisha pili, kwa hiyo ni "ya pili ni nusu". Lilikuwapo pia "dritthalb", mbili na nusu, ila hilo limekufa. Mdenmark ndiye aliyefika mbali kuliko wote. Hamsini anaiita "halvtreds", kifupi cha "nusu ya tatu mara ishirini": mbili na nusu mara 20. Watoto wa Denmark wanakua wakiitamka kila siku, na kopo lile la mzee limo ndani yake. Mimi jambo hili linanifurahisha kila ninapolifikiria. Kwa hiyo saa ilipokuja ilikuta mazoea ya kupima yako tayari. Kwetu Wajerumani waliacha "hela", kutoka Heller, sarafu waliyoileta mwaka 1904, na wakaacha "shule". Nusu yao waliondoka nayo.

Kwa mgeni anayetaka kutembea usiku, inasaidia kujua kwamba Mjerumani ana saa mbili, moja ya mdomo na moja ya maandishi. Kwenye vituo, tiketi na mabango ya klabu utakuta saa 24: 23:30, basi. Kwenye bango, Einlass ni muda wa kufungua mlango na Beginn ni muda wa onyesho kuanza; Eintritt ni kiingilio. Mtu akikutajia halb kwa mdomo, mrudishie kwa lugha ya maandishi: "Also dreiundzwanzig Uhr dreißig?" Hakuna atakayekuona mjinga. Mlangoni tayarisha kitambulisho, "Ausweis", kwa sababu klabu za watu wazima haziruhusu wenye umri chini ya miaka 18.

Siku zenyewe pia zina mtego. Kaskazini na mashariki Jumamosi huitwa Sonnabend, kusini na magharibi Samstag. Sonnabend maana yake mkesha wa Jumapili. Lilianza kwenye jioni likameza siku nzima. Wazee wa pwani watalielewa haraka, maana kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi magharibi. Na kama sisi tunavyokwepa utata kwa kusema "usiku wa kuamkia Jumapili", wao husema "in der Nacht auf Sonntag". Ni usemi uleule. Usiku wa kuamkia Jumamosi na wa kuamkia Jumapili, treni za U-Bahn na S-Bahn za Hamburg hutembea usiku kucha. Siku nyingine husimama karibu saa saba usiku na kuyaachia mabasi ya usiku. Tiketi ya siku nzima ya Hamburg haifi saa sita usiku. Inafanya kazi hadi 6:00 asubuhi inayofuata, saa kumi na mbili yetu, pale pale Mswahili anapoanza kuhesabu saa za mchana.

Kuna usiku mmoja ambao hata kopo la mzee haliwezi kusaidia. Jumapili ya mwisho ya Machi, saa za Ujerumani zikifika 2:00 usiku zinaruka hadi 3:00. Halb drei, yaani 2:30, saa nane na nusu yetu, usiku huo haipo kabisa. Kopo la tatu halikuwekwa mezani. Jumapili ya mwisho ya Oktoba mambo hugeuka. Ikifika 3:00 saa hurudishwa 2:00, treni za usiku husimama stesheni zikingoja saa nzima ipite, na halb drei huja mara mbili. Kisheria saa hizo mbili zina majina, ya kwanza 2A na ya pili 2B. Mkiagana usiku huo kukutana mlangoni halb drei, uliza mapema ni ile ya A au ya B.