Kabla ya kupanda popi, tazama jani

Mvua za vuli zikikaribia, tunaletewa picha za maua ya popi kutoka Limuru, Nyahururu na Nanyuki, na swali ni lile lile: "Hili ndilo la afyuni, ile dawa ya kulevya?" Karibu zote ni picha za petali. Tumeshasema, rangi haitambulishi popi. Popi ya afyuni, Papaver somniferum, huchanua nyeupe, waridi, zambarau, hata nyekundu. Tupigieni picha ya jani na shina.

Jani lake ni la kijani kilichoingia majivu, laini kama limepakwa nta, na kitako chake kimekumbatia shina. Tumba la mbegu ni la mviringo, lina taji bapa juu. Popi nyekundu ya mashambani, Papaver rhoeas, ina vinywele vigumu shinani. Pitisha kidole utavihisi. Ile ya California, ya rangi ya chungwa, majani yake hufanana na ya karoti. Hizi mbili pandeni. Changanya mbegu na mchanga, nyunyiza pale pale zitakapokulia, usizifukie. Miche haipendi kuhamishwa.

Popi ya afyuni ni mmea uliopigwa marufuku chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994. Kifungu cha 6 kinamgusa aliyepanda, na pia mwenye shamba, mkaaji au msimamizi aliyeruhusu ipandwe. Adhabu ni faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya mimea hiyo sokoni, kubwa kati ya hizo mbili, au kifungo kisichozidi miaka 20, au vyote viwili. Tafadhali, "mbona Uingereza wanaipanda uani" si utetezi hapa Kenya.

Mbegu yoyote ya nje huombewa kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla haijasafirishwa, huja na cheti cha afya ya mimea cha nchi inakotoka, kisha hukaguliwa ikifika. Pakiti iliyo ndani ya sanduku la shangazi nayo imo.

Inayotutia hofu zaidi haipandwi na mtu: Argemone mexicana, popi ya miiba yenye ua la njano na utomvu wa njano, iotayo kando ya barabara. Mbegu zake hufanana na za haradali. Delhi, mwaka 1998, mafuta ya haradali yaliyochanganywa na mafuta yake yaliua makumi ya watu. Ukiiona karibu na mboga, vaa glavu uing'oe kabla matumba ya mbegu hayajapasuka.