Kabla ya kuzindua leseni za biashara mtandaoni, nionyesheni kaunta buku

Kila nikiitwa kwenye halmashauri kuwasaidia kujiandaa na leseni za mtandaoni, swali la kwanza la mkurugenzi huwa ni "tunazindua lini", na mimi swali langu la kwanza huwa ni kaunta buku liko wapi. Namaanisha lile buku kubwa la afisa biashara, jalada gumu, kurasa za mwanzo zimeshalegea, ambalo ndani yake kuna kila duka, kila saluni, kila mashine ya kusaga iliyokatiwa leseni miaka hiyo yote. Kiukweli mfumo mnaozindua utakuwa mzuri au mbovu kutokana na kilichomo kwenye lile buku, na wengi wanalifungua wiki ya mwisho, wakati ukumbi wa mafunzo umeshalipiwa na vipeperushi vimeshaprintiwa.

Tuelewane kwanza kuhusu mipaka. Sheria ya Leseni za Biashara ni Namba 25 ya mwaka 1972, na leseni ziko makundi mawili, kundi A linatolewa na BRELA, yaani wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na kundi B ndilo la halmashauri. Tanzania ina halmashauri 184, na siku hizi mfanyabiashara anaingia kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, akiwa dukani kwake, anaomba, anapata kontroo namba, yaani namba ya kulipia serikalini, analipa kwa simu. Ukiitazama kwenye projekta ni kazi ya dakika chache. Ila nyuma ya hizo dakika kuna miezi ya kazi ambayo haionekani kwenye projekta, na ndiyo nataka kuieleza hapa.

Nianze na orodha ya wafanyabiashara, maana hapo ndipo nimeona watu wakiumia. Ukiwapa vijana watatu wa field, yaani wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, waingize buku kwenye Excel bila kuwapa maelekezo, baada ya siku mbili utakuta duka lilelile limeandikwa "duka la rejareja", "duka la reja reja", "duka dogo", "vitu mchanganyiko" na mwingine kaandika "duka la Mangi" kwa sababu ndivyo mtaa unavyoliita. Mfumo unajua vitu vitano tofauti hapo. Kwa hiyo kabla mtu hajagusa kibodi kaeni na afisa biashara, chukueni aina za biashara kama zilivyo kwenye jedwali la ada, na kila jina la mtaani liwekeeni jina lake rasmi, ubishi uishe siku hiyo hiyo mezani. Ada inategemea aina ya biashara na mahali ilipo, sasa ukikosea aina umekosea na pesa, na mwenye duka atakuja na risiti ya mwaka jana mkononi kuuliza kwa nini yeye kapandishiwa na jirani yake hapana.

Halafu kuna hili la namba, naomba ulisome taratibu. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Excel ukiichapia namba ndefu hivyo inashika tarakimu 15 za mwanzo na hizo tano za mwisho inazigeuza sifuri, na kwenye skrini inakuonyesha kitu kama 1.98E+19. Haikupi onyo lolote! Nimewahi kupokea faili ambalo watu wote, narudia wote, namba zao za NIDA ziliisha na sifuri tano, kazi ya wiki tatu ya watu wanne, na hakuna namna ya kuzirudisha zaidi ya kufungua buku upya na kuanza ukurasa wa kwanza. Dawa yake ni ndogo tu, chagua safu nzima, ibadilishe iwe ya maandishi KABLA hujachapa namba hata moja. Namba za simu nazo hivyo hivyo, la sivyo ile sifuri ya mwanzo inaliwa. TIN, namba ya mlipakodi, ina tarakimu 9, hesabuni, yenye 8 au 10 irudi kwa mhusika isiingizwe kwa kukisia.

Na tarehe. Leseni inaisha miezi 12 tangu ilipotolewa, kwa hiyo kila mtu ana siku yake ya kuhuisha, hawaishi wote pamoja. Kwenye halmashauri moja tulihamisha taarifa kutoka kompyuta iliyokuwa inasoma mwezi kwanza halafu siku, na leseni za tarehe 3 Julai zikageuka za Machi 7. Asubuhi watu wakaamkia ujumbe wa simu kwamba wamechelewa kuhuisha na wana faini. Watu waliolipa kwa wakati! Mzee mmoja fundi seremala alikuja na leseni yake kwenye fremu ya kioo, ameing'oa ukutani, akaiweka mezani kwangu bila kusema neno. Nilimwomba radhi nikiwa nimesimama. Tangu siku ile sihamishi taarifa mpaka nichukue leseni 50 za karatasi kutoka kwenye mafaili tofauti na kuzilinganisha moja moja na kilichoko kwenye mfumo, na anayesoma karatasi asiwe yule aliyeingiza.

Sasa twende kwenye kuidhinisha. Kwenye karatasi ombi linapita kwa afisa afya kama ni biashara ya chakula, linapita mipango miji, afisa biashara, hazina, na kila mmoja anasaini. Mimi nachukua faili moja halisi na kutembea nalo ofisi hadi ofisi na saa mkononi, nikiuliza kila meza swali lilelile, wewe hapa unaangalia nini? Utashangaa, kuna meza watu wanasaini kwa sababu aliyekuwepo kabla yao alikuwa anasaini. Saini ya namna hiyo isiingie kwenye mfumo, maana ukiiingiza umeijengea nyumba ya kudumu. Zile zinazobaki, kila moja iwe na mtu wake NA kaimu wake mwenye akaunti yake mwenyewe. Hili la kaimu msilipuuze jamani. Afisa akienda likizo bila kaimu kwenye mfumo kinachotokea kinajulikana, paswedi yake anaachiwa kijana wa field, na miezi sita mbele mkaguzi anakuta leseni imeidhinishwa na mtu ambaye siku hiyo alikuwa mkoa mwingine, na anayebanwa ni yeye mwenye jina.

Leseni za vileo zina kalenda yake kabisa, Sheria ya Vileo ni Namba 28 ya 1968 na leseni zake ni za miezi sita sita, Oktoba mpaka Machi na Aprili mpaka Septemba. Maana yake mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba kaunta inajaa. Msizindue kipindi hicho. Na msizindue tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha, hazina wanafunga hesabu hawana muda wa kukufundisha wala kufundishwa. Mimi napenda wiki ya pili au ya tatu ya mwezi wa kawaida, Jumanne, ili ukikwama una siku nne za kazi za kurekebisha kabla ya wikiendi.

Kwenye malipo sina mengi, kontroo namba za GePG, mfumo wa malipo ya serikali, watu wameshazizoea. Kitu kimoja tu. Siku ya kuhama kutakuwa na watu wana kontroo namba za mfumo wa zamani ambazo hawajalipa, na mwingine atalipa wiki mbili baada ya kuhama. Hiyo hela itaingia, leseni haitatoka, na mtu ana risiti. Kwa hiyo mweka hazina atoe orodha ya namba zote ambazo hazijalipwa, wahusika wapigiwe simu, zifutwe au zilipwe, ndipo muhame.

Na sasa la steshonari, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mama mwenye cherehani sokoni, simu yake ni ya kitochi. Anaambiwa leseni sasa ni mtandaoni, anaenda steshonari ya jirani, kijana pale anamfungulia akaunti, na kwenye nafasi ya simu anaweka namba yake mwenyewe kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha unakuja haraka na foleni ni ndefu. Mwaka unaisha. Ujumbe wa kukumbusha kuhuisha unaenda kwa kijana wa steshonari, ambaye ameshahama mji. Mama anakuja kaunta anadaiwa faini na akaunti yake hawezi kuifungua. Nilikaa kaunta siku moja nikamwona mmoja hivi, dada wa dawati anamuuliza, "Mama, namba hii inayoishia na 44 ni ya nani?" na mama anajibu, "Mwanangu, mimi sijui namba hata yangu, naangaliziwa." Nikaomba dada atafute hiyo namba kwenye mfumo mzima. Ilikuwa kwenye akaunti nyingi sana, za watu wasiojuana.

Wengine wanasema wapigeni marufuku hao vijana wa steshonari. Mimi nasema hapana, ndio wanaoifikisha huduma pale ambapo sisi hatufiki, waiteni kwenye mafunzo kabla hata ya watendaji wa kata, waelezeni kwamba namba ya simu iwe ya mwenye biashara au ya mwanawe anayekaa naye, na kwamba paswedi iandikwe kwenye karatasi apewe mwenyewe aondoke nayo. Mfumo nao uwekwe ukomo, namba moja isikubalike kwenye akaunti zaidi ya mbili tatu. Na hapo hapo ofisini pawe na dawati lenye kompyuta na mtu wa kumsaidia mama yule bure.

Ee na lingine, hizo orodha zenye majina, NIDA na simu zisitembezwe kwenye magrupu ya WhatsApp ya watendaji, nimeziona huko mara nyingi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Mtendaji apewe orodha ya kata yake tu, na iwe na kile anachohitaji kuhakiki basi, jina la biashara, mahali ilipo, ipo au imefungwa. Anwani za makazi za 2022 zinasaidia sana hapa, nyumba nyingi zina namba na barabara ina jina, kwa hiyo "karibu na mwembe" haina sababu ya kubaki kwenye leseni.

Umeme na mtandao, muwe na jenereta na laini za kampuni mbili tofauti.

Kabla ya siku yenyewe anzeni na kata mbili, moja ya sokoni mjini na moja ya pembezoni, na leseni 20 za watu halisi waliokuja kuhuisha kweli, kuanzia kuomba mpaka karatasi kuprintiwa. Mkurugenzi awepo akae pembeni ya dawati aangalie, asipelekewe ripoti tu. Na lile kaunta buku mkishalihamisha lipelekeni masjala lifungiwe, maana atatokea mtu anayedai alilipa 2016, na jibu lake liko mle kwa wino wa bluu.